Kumlilia Kadeti wa Bluff

Sikuajiriwa kwa sababu najua kufagia. Kufagia kila mtu anajua. Niliajiriwa kwa sababu ya mdomo.

Kule Queensburgh, pembeni mwa Durban, alikuwako mzee mmoja Mzungu aliyekuwa amekaribia miaka mia, na binti yake alikuwa anatafuta mtu wa kushinda naye mchana. Sharti lilikuwa moja tu: ajue Kiswahili. Akaenda kuuliza kwenye saluni pale Umbilo Road, na mama mmoja wa kanisa letu anayesuka hapo akamjibu, "Iko bibi moja kwa fleti ya juu. Kiswahili yake haina breki."

Mtashangaa, Mzungu wa Durban anatafutiwa Kiswahili cha nini. Yule mzee, baada ya vita kuu ile ya Wazungu, alisimamia mashamba ya mkonge Tanganyika miaka mingi, ndipo akahamia huku na mke na mtoto. Uzeeni ugonjwa wa kusahau ukamshika. Ukala jina la marehemu mke wake, ukala njia ya chooni, ukaanza kula Kiingereza chenyewe. Kiswahili ukakiacha. Labda kilikuwa kigumu kutafuna. Asubuhi alimtazama binti yake, mwanamke mtu mzima mwenye mvi zake, akamwamuru, "Lete maji moto!" Na binti, aliyeondoka Tanganyika akiwa bado na meno ya maziwa, alisimama pale hajui alete nini.

Mimi niliishia darasa la tatu. Mjukuu wangu yuko chuo kikuu Cape Town, anasomea uhandisi. Nitalisema tena mbele, mnivumilie. Kati ya darasa la tatu na uhandisi niko mimi, na sufuria ya mafuta, na mandazi niliyokaanga nikauza mpaka kope zikaungua. Nilimlea mwenyewe tangu anatambaa, kwa sababu mama yake tulimwacha ardhini kule kwetu Kongo. Alipokwenda chuo, fleti yangu ya Umbilo ilibaki na sauti ya friji. Upweke wa mji huu hauna adabu. Watu wako juu yako, chini yako, kando yako, unawasikia wakikohoa na kugombana, na ukianguka bafuni watakujua kwa harufu. Nilianza kuongea na sufuria. Siku nilipoanza kuisikia ikinijibu, nikasema, mama, tafuta kazi.

Siku ya kwanza mzee alinitazama kutoka kwenye kiti chake.

"Wewe nani?"

"Mimi ni mama wa kushinda na wewe, Mzee."

"Lete chai. Upesi!"

"Upesi ni wewe? Chai ya kuamriwa haichemki. Sema tafadhali."

Akanikodolea macho ya bluu yaliyofifia. Nadhani tangu siku za mkonge hakuna aliyemjibu hivyo kwa lugha ile.

"Hii mama iko kali," akasema.

"Kali ndiyo. Lakini chai yangu tamu."

Akacheka mpaka meno ya bandia yakataka kutoka. Basi tukawa marafiki. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha vibarua, hakina adabu wala mkia, lakini sisi Wakongomani tunasema "iko" na yeye alisema "iko", tukakutana hapo. Binti yake aliniita Gogo, kama watu wa hapa wanavyomwita bibi. Naye nilizungumza naye kwa Kiingereza changu cha sokoni, ambacho hakivai viatu lakini kinafika.

Kila asubuhi nilipoingia nilimkuta mzee amesimama wima mwisho wa kitanda chake, mikono imebana mapaja. Blanketi amelikunja likawa kama tofali. Kichwani mwa kitanda amepanga mito mitatu ya sofa, mmoja juu ya mwingine. Binti yake aliniambia, "Mwache tu, anapenda usafi." Nikamwuliza mwenyewe.

"Mzee, unangoja nani?"

"Sajini."

"Sajini gani?"

"Sajini nakuja kuangalia. Kama kitanda mbaya, yeye natupa kitu yote nje."

Hapo ndipo nilipoanza kuijua ile kambi. Habari zake alinipa vipande, leo mguu, kesho kichwa, na mimi nikavishona. Palipokuwa na Kiingereza kigumu nilimpigia simu mjukuu wangu Jumapili, mhandisi wangu, akaniambia ni kweli, Bibi, mambo hayo yalikuwako. Wakati wa vita ile vijana walipakiwa melini kutoka Uingereza, wakaletwa mpaka bandari ya Durban, wakapelekwa bara kwa treni kufundishwa kurusha ndege, kwa kuwa huku hapakuwa na mabomu na mbingu zilikuwa safi.

Mzee alikuwa mmoja wao. Alikuwa na ndevu za kuhesabika. Aliposhuka melini alikula machungwa hapo hapo gatini mpaka tumbo likamkamata. Bara walifikia kwenye vibanda virefu vya mabati, mchana tanuri, alfajiri maji ya kunyolea yana ganda la barafu. Kila mmoja alipewa vipande vitatu vya godoro, vya mraba, na asubuhi lazima avipange kichwani mwa kitanda, blanketi juu yake, kingo sawa. Kwenye kofia walivaa kitambaa cheupe mbele, ili kila mtu ajue huyu ni kadeti, bado hajawa kitu. Ndege hawakupewa. Walipewa gwaride, hesabu, nyota, upepo, na vidude vya kutuma habari kwa kugonga ti-ti-taa mpaka wakawa wanavisikia usingizini. Kisha wakaingizwa kwenye ndege ya uongo, sanduku la mbao lenye mabawa mafupi, limefungwa sakafuni. Unafunikwa kifuniko, giza, unaona sindano za vipimo tu mbele yako, na sanduku linatikiswa kama unaruka. Ndipo baadaye ndege ya kweli, ya njano, mabawa juu na chini, mafuta ya injini yakikurukia usoni.

Hayo alinisimulia akichekacheka. Lakini iko jambo moja ambalo kila akilifikia, alishusha sauti kana kwamba sajini yuko jikoni.

Kadeti aliyeshindwa kuruka aliondolewa wakati wenzake wako darasani. Wakirudi, kwenye kitanda chake vimebaki vile vipande vya godoro, vitupu. Blanketi hakuna. Picha ya mama yake ukutani hakuna. Hakuruhusiwa kuaga, maana kushindwa kulihesabiwa kama upele, kunaambukiza. Na kadeti aliyeanguka na ndege akafa, vilevile. Godoro tupu. Ukimwuliza sajini, anasema, "Amehamishwa." Aliyeshindwa amehamishwa, aliyekufa amehamishwa. Mezani hakuna aliyemtaja. Vijana wale walikula viazi wakitazama kiti kitupu, na hakuna aliyejua kama mwenzake yuko kwenye treni au yuko kaburini.

Mzee alikuwa na rafiki, kitanda cha pili kutoka dirishani, jirani yake. Siku mzee aliporuka peke yake mara ya kwanza, bila mwalimu, alitua akakimbia kutoka uwanjani mpaka kibandani kwenda kumwambia. Akakuta godoro tupu.

"Mimi nauliza sajini," aliniambia. "Sajini nasema, hamishwa. Mimi najua, hii maneno maana yake kufa."

Akamaliza mafunzo, akapewa beji yake ya mabawa, vita ikamalizika karibu na hapo. Akaenda Tanganyika na yule rafiki moyoni kama maiti isiyozikwa. Miaka ikapita mingi. Alipohamia Durban, siku moja alikwenda Bluff, ng'ambo ya bandari, kununua samaki, akasikia mtu anagombana na muuzaji. Akageuka. Ni yeye, na kitambi.

"Mimi nasema, wewe kwisha kufa! Yeye nasema, nani kufa? Mimi nashindwa kutua tu!"

Kumbe ndege ilikuwa inamrukaruka kama chura kila akitua, wakamtoa alfajiri, wakampeleka kambi nyingine kusomea ramani. Yeye naye miaka yote alidhani rafiki yake alimdharau kwa kushindwa, ndiyo maana hakumtafuta. Wazee wale hawakuachana tena. Jumamosi ikifika, mmoja alikuwa Bluff au mwingine alikuwa Queensburgh.

Sasa nilipofika mimi, kila siku baada ya chai mzee aliuliza, "Yule ya Bluff, iko wapi? Kwa nini hapana kuja?"

Na binti yake, aliyelishika neno Bluff tu, alimjibu kwa upole kwa Kiingereza, "Yuko Bluff, Baba. Mguu unamsumbua." Siku nyingine simu yake imeharibika. Siku nyingine amekwenda kwa watoto wake.

Mzee aliinuka akaenda chumbani. Halafu nilimwona anatazama ile mito mitatu.

Nikamwuliza binti jikoni, "Huyu rafiki, mguu wake hauponi?"

Akaweka kikombe chini. Akaniambia alikufa zamani kidogo, usingizini, amezikwa, yeye mwenyewe alikuwako mazishini. Baba aliambiwa. Akalia, akasahau. Akauliza tena, akaambiwa tena, akalia upya. "Tumeamua basi," akasema. "Gogo, tafadhali. Ukiulizwa, sema yuko Bluff."

Nikasema ndiyo. Mshahara ni wake, baba ni wake. Na nilidanganya. Iko Bluff, Mzee. Iko mguu, Mzee. Kila nikisema, mate yaligeuka kuwa machungu, na nitawaambia kwa nini.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Wakati wa vita yetu sisi alikwenda na mzigo, hakurudi. Majirani walijua. Wakaniambia barabara imefungwa, atakuja. Walinihurumia, nilikuwa na tumbo kubwa. Kila jioni nilimwekea chakula, nikakifunika, asubuhi nikakimwaga. Nilijua siku niliyokuwa sokoni nachagua nyanya, mwanamke mmoja akanishika mkono, akasema, "Pole kwa bwana yako," akidhani ninajua. Nyanya niliirudisha kwenye fungu, nikaipanga vizuri. Kumbe soko zima lilikuwa linanitazama siku zote hizo nikinunua chakula cha maiti. Mtu akikuficha kifo hakufichi uchungu. Anakufanya uubebe bila kujua ni nini umebeba.

Siku moja binti alikwenda Pinetown kwa daktari wa meno. Nilikuwa naanua nguo. Nikageuka, kiti cha barazani kitupu. Nikamkuta langoni, amevaa koti la sherehe, kofia, na ndara. Anatikisa komeo kwa mikono miwili, na nje magari yanateremka mlima ulio mbele ya nyumba kama mawe.

"Mzee! Wapi?"

"Bluff."

"Kufanya nini?"

"Kuangalia kitanda yake."

Uongo ulikuja mpaka kwenye meno, ukagoma.

"Rudi kwanza ukae, Mzee."

"Mimi hapana kaa. Wewe jua kitu. Sema."

"Alikufa."

Akanitazama kwa ukali. "Nani nasema? Sajini?"

"Sajini hapana. Binti yako alikwenda kumzika. Alimwona kwa macho yake."

"Kufa kabisa? Hapana hamishwa?"

"Kufa kabisa, Mzee. Iko kaburi."

Akaachia komeo. Akavua kofia, akaishika kifuani, akasimama hivyo kwenye jua muda ambao sijui niuiteje. Kisha akaanza kulia, na alilia kama injini inayokataa kuwaka, inakohoa, inanyamaza, inakohoa tena. Nikamshika kiunoni nikamrudisha barazani, hatua kwa hatua.

Sasa nifanye nini? Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Mfiwa alikuwa ameanza, na wa mbali hakuna. Kwetu mtu haachwi alie peke yake kama ng'ombe aliyevunjika mguu. Nikampigia simu yule mama wa saluni.

"Nani kafa?" akauliza.

"Mzungu moja wa Bluff."

"Ulimjua?"

"Hapana."

"Mimi nilimjua?"

"Wala wewe."

"Sasa tunalilia nani, dada?"

"Mfiwa yuko hapa, peke yake."

Nikasikia anazima mashine ya kukausha nywele.

"Nakuja na mama mwenzangu. Huko kwa Wazungu iko sukari?"

Walishuka kwenye taxi na vitenge vyao viunoni, na termosi, na mkeka mmoja. Hawakuuliza mengi. Walimpa mzee mkono mmoja mmoja, wakamwambia pole, wakatandika mkeka barazani, wakaanza wimbo wa chini chini, ule wa kumsindikiza mtu. Jirani wa pili akachungulia juu ya ukuta. Haikupita muda, gari la walinzi wa mtaa likaja polepole, kijana akashusha kioo.

"Gogo, kuna nini hapa?"

"Msiba."

Akamwona mzee katikati ya vitenge, macho mekundu. Akavua kofia. "Eish. Sori, Gogo." Akaondoka.

Kwetu kwenye kilio lazima marehemu asemwe. Mama wa saluni akamgeukia mzee, sauti kama anaongea na mfiwa yeyote wa kwetu Uvira.

"Papa, huyu marehemu, alikuwa mtu gani? Alikuwa anakula namna gani?"

Mzee akafikiri. "Kama fisi."

Tukacheka, naye akacheka, machozi hayajakauka. Na kutoka hapo hakunyamaza. Alisema mambo ambayo mimi sijawahi kuyasikia. Alisema jinsi yule rafiki alivyoingia kwenye sanduku la mbao, lile lisilokwenda popote, na mwalimu yuko nje na kalamu inayojichora yenyewe kwenye ramani kuonyesha wapi anadhani anaruka.

"Yeye nafungwa ndani. Yeye naruka, naruka. Mwalimu naangalia ramani. Kalamu nakwenda, nakwenda, nafika baharini! Mwalimu nafungua mlango, nasema, hongera, wewe kwisha zamisha watu yote."

"Na ndege iko sakafuni?" akauliza mama wa saluni.

"Iko sakafuni! Na yeye natapika!"

Mama mwenzake alilala chali kwenye mkeka kwa kicheko. Mimi nilikuwa nampa mzee chai kidogo kidogo. Alisema jinsi walivyogawana soksi. Alisema rafiki yule aliogopa kutua kuliko kuruka, na usiku alikuwa anaomba Mungu ampe mvua ili ndege zisitoke. Akasema, "Mimi hapana sema kwaheri," akalirudia, na mama wa saluni akamjibu, "Sema sasa, Papa." Akasema. Kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo. Sikuelewa yote na sikuuliza.

Hapo ndipo gari la binti likaingia.

Mdomo wake ulikuwa bado umekufa ganzi upande mmoja, hasira ikatoka kwa upande mwingine. Aliniita jikoni.

"Gogo, nilikuambia nini?"

"Uliniambia nidanganye."

"Nilikuambia umwachie amani!"

"Amani gani? Alikuwa langoni anakwenda Bluff na ndara. Anakwenda kuangalia kitanda."

Akashika ukingo wa sinki. "Na kesho? Kesho atakuwa amesahau. Unadhani mimi napenda? Nilimwambia, akalia. Kesho yake nikamwambia, akalia vilevile, kama ndiyo mara ya kwanza. Unajua ni nini, kumwua rafiki wa baba yako mbele ya baba yako, kila siku, na kikombe cha chai mkononi?"

Nikaokota kitambaa nikaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Mimi ambaye mdomo wangu hauna breki. Nilikuwa nimemwona kama mwanamke anayeogopa kelele, kumbe alikuwa amechoka tu, na hakuna aliyewahi kumwambia pole.

Akachungulia barazani. Mama wa saluni alikuwa ameshika mkono wa baba yake, na baba yake anamwonyesha kwa mkono wa pili jinsi ndege inavyotua vibaya, inaruka, inaruka.

"Basi utamwambia wewe," akasema. "Kila akiuliza, wewe. Mimi siwezi tena."

"Nitamwambia," nikasema haraka, kama mtu anayepokea mzigo kabla hajaunyanyua.

Kesho yake baada ya chai mzee akaniuliza, "Yule ya Bluff, iko wapi?"

Kilio chote kile, mkeka, wimbo, vyote vilikuwa vimezolewa. Nikamwambia. Akalia. Siku ya pili, vilevile. Nikampigia simu mama wa saluni, akasema, "Dada, huyu Mzungu wako anakufa mara ngapi?" Tulicheka, lakini hakuja, na alikuwa na haki. Nani anakwenda kilio kilekile kila siku? Tukabaki wawili. Binti alikuwa anatoka nje saa hiyo kwenda kumwagilia maua ambayo yalikuwa tayari yana maji.

Nimeishi na upweke wa kufiwa, na upweke wa fleti. Huu ulikuwa wa namna yake. Kuwa mtu peke yako duniani anayekumbuka kilio cha jana, na mwenzako aliyelia anakutazama kama hamjawahi kukaa kitako pamoja. Kila siku nilimwuliza, alikuwa mtu gani? Kila siku alinipa kipande. Mara soksi, mara sanduku, mara mapapai ya Bluff waliyoiba na uzee wao. Mara nyingine alinikasirikia, akasema mimi mwongo, mimi sajini, ondoka. Niliondoka mpaka mlangoni, nikarudi.

Kuna asubuhi moja mvua ilikuwa inapiga mabati ya gereji, mgongo unaniuma, akauliza, na ulimi wangu ukaanza kugeukia Bluff na mguu unaouma. Sikuwahi kusema. Alikuwa ananitazama usoni.

"Kwisha kufa, eh?" akasema mwenyewe.

"Kwisha, Mzee."

"Kabisa."

"Kabisa."

Akatikisa kichwa, akatazama mvua. Siku hiyo hakulia. Akasema, "Yeye napenda mvua."

Tangu hapo langoni hakwenda tena. Sitajisifu kwa hilo. Labda miguu tu ilikuwa imemwishia. Lakini kuuliza kwake kulibadilika, akawa anauliza kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. Na mito alikuwa haitazami.

Alikufa Jumapili, siku ambayo si ya zamu yangu. Nilikuwa nyumbani, nimetoka kanisani, nakwangua ukoko wa sufuria. Mlango ukagongwa. Nikadhani ni watu wa umeme. Nikafungua, namwona binti yake wa Queensburgh, nywele hazijachanwa, anahema, kwa sababu lifti yetu ilikufa zamani na hakuna wa kuizika. Hajawahi kufika kwangu. Simu yangu anayo.

Hakuniambia habari za asubuhi.

"Gogo, Baba amekufa. Leo alfajiri. Nilikuwa naye, niliona mwenyewe."

Nikamshika mikono, nikamwingiza, nikamkalisha kwenye kiti cha mjukuu wangu, kile chenye mto mzuri. Nikaweka maji motoni. Nilimpa mgongo, uchungu wangu ungoje kwanza, kwa sababu aliyefiwa ni yeye. Aliketi amebana mkoba magotini kama mtu anayengoja basi. Akasema hajui anatakiwa afanye nini sasa. Akasema alikuwa amewasha gari kwenda kwa watu wa kuandaa mazishi, akajikuta anateremkia Umbilo.

"Alikuwa mtu gani?" nikamwuliza.

Akanitazama. Akasema alikuwa mkali. Akasema utotoni alimwogopa. Halafu akasema jinsi alivyomfundisha kuendesha baiskeli kule kwenye mkonge, akimkimbilia nyuma na kumpigia kelele za marubani, inua pua, inua pua! Alicheka peke yake, akaanza kulia, na Kiingereza chake kikaenda mbio hata nusu yake sikuishika. Nilimwacha aende. Chai yake ikashika utando. Nikaimwaga, nikamimina nyingine, nayo ikapoa.

Jua lilikuwa limegeuka upande wa pili wa fleti aliponyanyuka. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari, ngazi zote, na magoti yangu haya. Akafungua mlango, akaufunga, akarudi akanikumbatia, mifupa yake na yangu ikagongana. Nikasimama kando ya barabara mpaka gari likapita robot ya pili, zile taa za barabarani.

Kisha nikapanda tena, peke yangu, nikipumzika kila ghorofa.